Wasanii wa Kanda ya Ziwa, tusimulieni: kazi ilipokwisha mkononi mwako, iliwafikiaje watu?

Mwana Kirumba (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na mwangaluka kwa ndugu zangu wa Usukumani.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliohangaika kupata mtoto, na humo akaweka karibu maisha yote ya kisiwa: kulima, kuvua, kuposa, kutibu, kupika pombe ya ndizi, kuzika. Hakupata wa kuichapa kwa lugha ile. Uzeeni akaketi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, miaka 35 tangu aikamilishe. Mwaka 1981 akafariki, nakala zikiwa hazijamfikia.

Naanza na mzee huyu kwa sababu wasanii wa huku tukikutana, iwe Mwanza, Bukoba, Musoma au Geita, maongezi huishia kwenye kipaji: ulianza lini, nani alikuvutia, ulijuaje kwamba una sauti. Ni mazuri hayo. Ila Kitereza kipaji alikuwa nacho, na bidii alikuwa nayo. Kilichomla miaka ile yote ni kile kipande cha njia kati ya kazi kwisha na kazi kufika kwa watu. Hicho ndicho ninachoomba tusimuliane humu.

Manju, waimbaji, wachoraji, waandishi, maprodyuza, walimu wa kwaya, karibuni. Semeni mnatungia wapi, kwa lugha gani, nani huisikia au kuiona kazi kwanza, fedha ya kuikamilisha inatoka wapi, na inatokaje hapa ziwani. Najua humu wamo vijana wenye daftari limejaa na hawana wa kumuuliza hatua inayofuata. Waandikieni hao.

Mimi naandika hadithi fupi na michezo ya redio. Yangu nitayaleta, wakubwa watangulie.

Njiwa wa Igoma

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana.

Ngoma ya Kisesa

Wabeja sana mleta uzi. Mimi ni mpiga ngoma na mtunzi wa huku Kisesa, upande wa Bagika, kwa hiyo nitasema ya ngoma.

Kwetu wimbo ukishatungwa unapelekwa uwanjani, na uwanja ndio unaouhukumu. Kwa wasiofahamu: ngoma za Wasukuma ziko katika vyama viwili vikubwa vya tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa wachezaji na waganga. Msimu wa mashindano huja baada ya mavuno, kuanzia Juni. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, moja huku, jingine kule, na watu wanakwenda wanakovutwa. Watu wakikuhama ukiwa katikati ya ubeti, jibu umelipata, tena unalitazama kwa macho yako.

Sasa wimbo wa kuhimili uwanja wa namna hiyo hautungwi usiku mmoja kitandani. Mimi natungia shambani. Tuna kikundi cha bugobogobo, tunaitwa kulimia watu, ngoma ziko pembeni mwa shamba na majembe yanashuka kwa mapigo. Naingiza ubeti mpya taratibu. Neno lisipokaa kwenye pigo la jembe, wakulima hulimeza, hawaliitikii. Siwaulizi kwa nini. Nabadilisha palepale, mstari unaofuata unatoka na neno jingine. Mpaka mpunga na pamba vinapovunwa, wimbo umeshapita kwenye vifua vya watu wengi waliochoka, na ukimshika mtu aliyechoka, wa uwanjani aliyekuja kustarehe hakupi taabu.

Bujora imenisaidia sana. Makumbusho yale ya Wasukuma yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada, na mpaka leo sikukuu ya Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu wakati wa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kijana anayetaka kutunga kwa Kisukuma, namwambia aende pale mwezi Juni asimame nyuma ya umati, si mbele. Nyuma ndiko utakakoona watu wanaondoka kwa sababu gani.

Kuhusu kufika mbali: zamani ilikuwa kaseti, sasa ni memori kadi na flashi. Kila mnada una kijana mwenye kompyuta, unampa simu anakuingizia nyimbo. Nyimbo zetu zinakwenda Katavi, Rukwa, Mbeya, Morogoro, popote Wasukuma walikohamia na ng'ombe wao. Kwa sababu hiyo manju hutaja jina lake ndani ya wimbo, na kijiji chake, na jina la aliyemwalika. Wimbo ukinakiliwa mara elfu, jina linasafiri nao.

Dada wa Buzuruga

Ngoma ya Kisesa, samahani mkuu, hao wa kuingiza nyimbo kwenye simu wanakulipa chochote?

Ngoma ya Kisesa

Hawalipi, dada yangu. Ninachokipata kinatokana na mialiko: harusi, kulimia watu, sherehe za mavuno. Mtu wa Mpanda anausikia wimbo, anasikia jina na kijiji, anamtafuta anayenijua. Ni njia ndefu na inaniuma, sifichi. Wenzetu kama Bhudagala Mwanamalonja wameingia na video kwenye intaneti na wanasikilizwa hata na wasiojua Kisukuma. Huko nako kuna ya kujifunza, wa studio watusaidie.

Prodyuza wa Nyakato

Nimeitwa, nimekuja.

Kwanza haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu kazi inapoundwa. Huhitaji muhuri wa mtu ili iwe yako, na inabaki yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa warithi. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro, na migogoro ipo. Sheria hiyohiyo ina sehemu yake ya kulinda sanaa za jadi, jambo ambalo vikundi vingi vya ngoma havijaambiwa.

Ugomvi mwingi ninaouona hapa Mwanza hauhusu wimbo wenyewe. Unahusu akaunti. Mpiga video anafungua chaneli kwa barua pepe yake na namba yake, nyimbo zinapandishwa humo, siku zikianza kuingiza fedha manju hana hata neno la siri. Kabla ya kamera kuwashwa, andikeni karatasi moja: wimbo ni wa nani, rekodi ni ya nani, chaneli ni ya nani, fedha inagawanywaje. Wote wasaini, na shahidi mmoja. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini.

Pili sauti. Nimerekodi ngoma za Kisukuma kwa muda sasa. Ukiwafungia wapigaji kwenye chumba kidogo cha kurekodia vokali, ngoma kubwa inajaza chumba na kila kitu kinakuwa tope. Mimi natoka nao uani, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Maiki moja mbali ya kuchukua kundi zima, moja karibu na ngoma kubwa, moja kwa manju. Wala simlazimishi manju kufuata kliki. Manju anaongeza mwendo pale anapoona watu wamepamba moto, na kasi hiyo ndiyo utamu wenyewe. Biti ya kompyuta nitaisogeza mimi imfuate yeye.

Mistari ya Mabatini

Salute prodyuza. Mimi ni wa hip hop, nimekulia Mabatini juu kabisa, kule nyumba zinakoegemea mawe.

Nilipomsikia Fid Q nilikuwa mdogo. Alikuwa mtu wa Mwanza hiihii, anachana kwa Kiswahili kilichonyooka, ana wazo zito na vina havilegei. Baadaye akaja Young Killer, naye wa hapahapa. Hao wawili walinifundisha kwamba mistari inabeba fikra, ndiyo maana nikaacha kutaja magari nisiyokuwa nayo.

Natunga bila kalamu. Nafanya kazi ya kupakia mizigo, mikono haipo huru, kwa hiyo mstari nauimba moyoni mpaka ukae. Usiobaki kichwani hadi jioni, siuhangaikii tena. Uliobaki naupeleka kijiweni kwa bodaboda, nauachia kama maongezi tu, siwaambii ni wimbo. Kesho yake nikimsikia mtu anaurudia mwenyewe, huo unaingia studio.

Maneno yangu ni ya huku: karabai, kokoro, sangara, mwalo. Niliambiwa nibadilishe ili mtu wa Mtwara aelewe. Nikakataa. Nilipojifunza Kiswahili cha Dar kwenye nyimbo hakuna aliyenitafsiria, nilisikiliza nikaelewa. Na wa Mtwara ataelewa.

Kwa vijana wenzangu: fedha kidogo uliyonayo maliza nayo wimbo mmoja, umalizike kabisa, miksi na masta, halafu ndiyo uanze mwingine. Nyimbo nusunusu kwenye kompyuta ya prodyuza hazikupeleki redioni.

Mtu wa Pwani

Mkuu naheshimu ulichoandika, ila tuseme ukweli, soko liko Dar. Hao uliowataja wote walivuma wakiwa Dar. Kijana akikaa Mwanza akingoja, umri unakwenda.

Mistari ya Mabatini

Kaka, sijasema asiende. Nasema aende na kazi iliyokamilika. Nimewaona waliopanda basi na daftari, wakamaliza akiba yao kwenye kodi ya chumba na nauli za daladala, studio hawajaiona. Halafu huku hatuko gizani. Radio Free Africa na Star TV ziko Mwanza na zinasikika nchi nzima. Mtu wa Dar ananisikia nikiwa Mabatini. Akiniita nitakwenda, nitafanya shoo, nitarudi kwa mama yangu.

Mtu wa Pwani

Hapo kwenye kazi iliyokamilika nimekuelewa. Bado naamini kuna milango ambayo mpaka uwe umesimama mbele yake, lakini nimekuelewa.

Brashi ya Mwaloni

Mimi ni mchoraji. Kazi inayonilisha ni kuandika majina na namba za usajili kwenye mitumbwi, hapo Mwaloni Kirumba.

Ratiba yangu inapangwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa, maana dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu, basi mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, nyufa zinazibwa, na ndipo ninapoitwa. Giza likirudi wateja wangu wote wako majini. Siku hizo ndizo zangu za turubai. Watu huniuliza nidhamu ya kuchora nimeipata wapi, nawaambia sikuitafuta, nimeikuta angani.

Fundi aliyenifundisha herufi alinipa mbao chakavu, akanizuia kugusa mtumbwi wa mtu mpaka herufi S yangu itulie. S ndiyo inayomwumbua mchoraji. Na ubao wa mtumbwi umepinda, kwa hiyo herufi zilizonyooka ukiziangalia kwa karibu, mtu aliye mbali anaziona zimelala. Unajifunza kuandika kwa ajili ya jicho la aliye majini. Mafunzo hayo yameingia kwenye picha zangu moja kwa moja: napenda umbo kubwa, rangi chache, kitu kinachosomeka kutoka upande wa pili wa chumba.

Nachora wanawake wanaoanika dagaa. Sijaona kitu kigumu kuchora kama dagaa waliotandazwa saa nne asubuhi. Si weupe, si fedha, si kijivu, na kila mama akipita na kuwageuza rangi inahama. Nimeharibu vitambaa vingi kwa hilo na bado nalifuata. Jiwe la Bismarck machweo nalichora pia kwa wageni, wanalipenda, na fedha yake inanunua rangi.

Turubai la dukani ni ghali, kwa hiyo natumia amerikani, naivutia kwenye fremu ya mbao, naipaka gundi ya seremala iliyochanganywa na rangi nyeupe ya maji, inakauka juani. Aliyenunua picha yangu ya kwanza hakuwa mtalii. Alikuwa mwenye mitumbwi, alitaka mtumbwi wake ukae sebuleni. Tangu hapo, kila ninayemwandikia jina akishanilipa namwonyesha picha ndogo niliyobeba mfukoni. Wafanyabiashara wa samaki wanapenda kujiona ukutani, na hawa wanaishi hapahapa, hawapandi ndege Jumapili.

Jambo moja kwa wachoraji wadogo. Nyuma ya kila picha naandika jina langu, mwaka, mahali na vipimo, na naipiga picha kabla haijatoka mlangoni. Mtumbwini siwezi kuweka sahihi. Kwenye turubai siachi.

Dada wa Buzuruga

Brashi, ya S nimeisoma mara mbili. Tuwekee basi picha moja ya hao dagaa.

Sauti ya Tatu

Nafundisha kwaya hapa mjini. Nimesoma kote naona kwaya hazijatajwa, na ukanda huu usiposema kwaya umeacha nusu ya muziki wake. Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro inajulikana Tanzania nzima na ilijengwa hapahapa Mwanza.

Nitasema la fedha tu. Kwaya zinamaliza kurekodi kwa sababu zina kamati, mtunza hazina na mchango wa kila mwanakwaya. Hakuna mmoja anayebeba gharama ya studio. Wasanii watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kufanya hivyohivyo: mnachangishana, mwezi huu wimbo wa fulani, mwezi ujao wa mwingine. Vikoba mnavijua, tumieni utaratibu uleule.

Mwalimu wa Nansio

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Ukerewe, na mleta uzi amenigusa alipoanza na mzee wetu.

Kisiwa hiki cha kilomita za mraba zipatazo 530 kimetoa Kitereza, kimetoa Euphrase Kezilahabi, kimetoa Gabriel Ruhumbika, ambaye mbali na riwaya zake ndiye aliyeitafsiri ile ya Kitereza kwa Kiingereza, moja kwa moja kutoka Kikerewe, ikatoka mwaka 2002. Kwa hiyo kazi ya mtu wa kisiwa ilikuja kuhudumiwa na mtu wa kisiwa. Hilo nalisema darasani kila mwaka.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akapita Seminari ya Nyegezi, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971, bado kijana, akatoa Rosa Mistika. Ikapigwa marufuku shuleni, na miaka baadaye ikawa kitabu cha kufundishia. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakamshukia. Hakubadili. Alifariki Januari 2020, na leo mwanafunzi anayeandika shairi huru hahitaji kujitetea kwa mtu.

Mimi ninachokishika kutoka kwake ni kidogo na ni cha vitendo: alikiandika kijiji chake kwa jina lake. Wanafunzi wangu wakikutana na Namagondo kwenye ukurasa, wanainua vichwa wanatazamana, maana ni mahali wanapopita kwa baiskeli. Baada ya hapo insha zao zinabadilika. Hawaandiki tena juu ya mji wasioujua. Mmoja aliandika habari za bibi yake kuvusha mihogo kwenda Ukara, nikasoma nimesimama.

Kuhusu mswada. Mimi huusoma kwa sauti kwa watu wasio walimu: mama anayeuza chakula mwaloni, fundi nyavu, mkata tiketi. Mwalimu mwenzako atakusahihishia alama za uandishi. Fundi nyavu ataacha sindano ikining'inia pale hadithi inapomshika, na pale isipomshika ataendelea kushona. Naweka alama pembeni ya ukurasa palepale.

Ukiamua kutafuta mchapishaji, tuma mswada safi na muhtasari wa ukurasa mmoja, na ubaki na nakala. Mkataba ukija usome mrabaha: unahesabiwa kwa bei ya dukani, au kwa fedha anayobaki nayo mchapishaji baada ya punguzo la wauzaji? Tofauti yake ni kubwa. Uliza pia kitabu kikiisha sokoni na wasipokichapa tena, haki inarudi kwako baada ya muda gani. Kwa yaliyompata Kitereza, swali la muda usione haya kuliuliza.

Ukiamua kuchapa mwenyewe, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mlipe mhariri kabla hujamlipa mpiga chapa. Chapa nakala chache, uza, uchape tena. Mimi nauzia kwenye meli ya Mwanza kwenda Nansio. Safari ni ya saa tatu hivi, mtandao hukatika katikati ya maji, na watu wanasoma.

Njiwa wa Igoma

Mwalimu marahaba, na shukrani. Swali la haki kurudi sikuwahi kulisikia popote.

Wa Bukoba Mjini

Namuunga mkono Mwalimu kwa upande wa muziki. Saida Karoli alitoka kwetu Kagera na kuimba Kihaya, na mwaka 2001 Maria Salome ikaenea nchi nzima. Watu wa Lindi na Songea walikuwa wanaimba maneno wasiyoyajua. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha wimbo ule kwa Salome, kizazi kingine kikaucheza.

Mimi ni mwimbaji wa harusini, na sasa najaribu kuweka sauti ya enanga, ala yetu ya nyuzi, kwenye nyimbo zangu. Wazee wa enanga kwetu wamebaki wachache. Nyuzi zile zilibeba habari za mashujaa, mzee alikuwa anaimba usiku kucha na watu hawaondoki. Kuna mzee namtembelea. Kwanza tulikubaliana mbele ya watoto wake: nikimrekodi jina lake litatajwa, na nikiuza wimbo wenye mkono wake, analipwa. Halafu ndiyo nikatoa simu. Nilikaa naye siku nyingi bila kurekodi chochote, kwa sababu mzee anayetazama simu hapigi kama mzee anayekutazama wewe.

Kwa msikilizaji asiyejua Kihaya naweka kiitikio kifupi, chenye irabu wazi, na kabla sijaanza jukwaani nasimulia habari ya wimbo kwa Kiswahili, sentensi mbili. Basi. Wanabaki nami mpaka mwisho.

Gitaa la Rorya

Na sisi wa Mara tupo. D. O. Misiani alizaliwa eneo la Shirati mwaka 1940, akavuka kwenda Kenya na gitaa, akawa mmoja wa vinara wa benga, muziki wa gitaa wa Waluo, mpaka alipofariki Kisumu mwaka 2006. Bendi yake aliiita Shirati. Aliishi kwingine, lakini kila bango la dansi lilitaja kwao.

Kwa wapiga gitaa: benga imebeba mkono wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ukitaka kuipata, sikiliza nyatiti kwanza, kidole gumba na vya juu vinavyoongea kwa zamu, halafu shika gitaa. Nimewaona vijana wanaanza na video za solo za kasi, mkono unakimbia lakini hauongei na mtu.

Bendi ya Sengerema

Nyongeza fupi. Tulikuwa tunakwenda kupiga Mwanza na spika zetu tunalala foleni ya pantoni, shoo ya saa mbili tunafika saa nne, mwenye ukumbi kanuna. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 hivi, tunavuka kwa dakika chache. Mwanza na Geita sasa ni soko moja. Wenye kumbi mtualike, kisingizio cha pantoni hatuna tena.

Mwana Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, nimesoma kila neno, mengine nimeyanakili kwenye daftari.

Nilete yangu. Mchezo wa redio hauna uso wala mandhari, kwa hiyo naanza na sauti kabla ya maneno. Nakwenda Mwaloni alfajiri nasikiliza: maboksi yanavyoburutwa, wapiga bei, kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Nikiipata sauti itakayomweka msikilizaji mahali, sentensi nyingi za kueleza nazifuta, hazina kazi. Kisha nawaita majirani, nazima taa ya sebule, tunasoma gizani. Gizani mtu hawezi kukusaidia kwa ishara za mikono. Mhusika asiyejulikana kwa sauti na maneno yake peke yake, hapo ndipo anapojulikana kwamba hajakamilika.

Kuna jambo limenikaa kwenye maelezo ya Ngoma ya Kisesa. Umesema nyimbo zinasafiri kwa memori kadi. Memori kadi zinaharibika. Maneno ya nyimbo za baba na babu yako yameandikwa mahali popote?

Ngoma ya Kisesa

Hayajaandikwa. Yangu ninayo kichwani, ya babu anayo baba, na baba sasa ana miaka mingi. Baadhi yamerekodiwa kwenye kaseti ambazo hatuna pa kuzipigia.

Prodyuza wa Nyakato

Kaseti hizo usizijaribu kwenye redio yoyote mbovu, itazikata. Ziweke mbali na jua na vumbi, ziletwe kwangu. Deki nzima ninayo, nitazihamishia kwenye kompyuta na sitakutoza. Nakala moja utabaki nayo wewe, moja ukaombe Bujora wakuhifadhie.

Mwalimu wa Nansio

Na maneno tuyaandike. Nimewahi kufanya hivyo na nyimbo za Kikerewe: ukurasa wa kushoto lugha ya nyumbani, wa kulia Kiswahili, na chini maelezo ya nani alitunga, aliimbiwa nani, msimu gani. Tafsiri usiifanye peke yako mezani. Mzee aimbe, tusimame kila ubeti, atufafanulie mafumbo, kwa sababu nyimbo za mashindano zimejaa vijembe ambavyo bila kumjua aliyerushiwa hazieleweki. Likizo inaanza wiki ijayo, naweza kuvuka. Jumamosi inakufaa?

Ngoma ya Kisesa

Jumamosi tuna shamba la kulimia mtu, labda uje ushike jembe. Jumapili baada ya ibada nipo, na baba nimeshamwambia, amefurahi sana, ameuliza kama mgeni anakunywa maziwa ya mgando. Njoo na daftari kubwa, Mwalimu, na ukiweza uje na mtu anayejua Kisukuma cha Kwimba, maana babu alioa kule na baadhi ya nyimbo zake zina maneno ya kule ambayo hata mimi huyaimba tu.

Dada wa Buzuruga

Mama yangu ni wa Kwimba, Ngudu. Nitakuja naye.